Bega linauma na palizi haijaisha: mazoezi tiba kwa mkulima na mchimbaji mdogo

 

Nikipita vijijini naulizwa habari za viwavi, mbegu na mbolea, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini kuna swali lingine ambalo huja tukishamaliza mambo ya shamba, mtu anakusindikiza mpaka kwenye pikipiki halafu anashika bega: "Bwana shamba, na hili nilifanyeje? Usiku silali." Wanaouliza ni wengi, kina mama na kina baba, na vijana wanaotoka machimboni. Kwa hiyo leo tunaacha wadudu pembeni, tunaongea habari za bega.

Niseme mapema: mimi si daktari, diploma yangu ni ya kilimo. Haya nayoandika nimeyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia baada ya kuanguka na pikipiki nikiwa kwenye mizunguko ya vijiji, na nimeendelea kuyasoma kwa sababu nayaona kila siku kwenu. Fiziotherapia ni tiba inayotumia mazoezi na mikono ya mtaalamu kurudisha nguvu na mwendo wa kiungo. Wengine wanaiita mazoezi tiba.

Kwa nini mabega ya huku yanachoka

Angalia mwaka wetu unavyokwenda. Mvua zikianza Novemba ni jembe, kupanda, kutengeneza majaruba ya mpunga na kurusha tope. Halafu palizi. Halafu pampu ya kunyunyizia pamba. Mei na Juni ni kuchuma na kubeba magunia. Kiangazi mtu hakai nyumbani, anakwenda Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu au Rwamgasa kutafuta dhahabu. Kule ni nyundo na tindo, kuvuta mifuko ya mawe kwa kamba kutoka kwenye duara, na kina mama wanaponda mawe wamekaa chini toka asubuhi. Mvua zikirudi, anarudi kwenye jembe. Shamba tunalipumzisha, bega halipumziki hata msimu mmoja.

Tupige hesabu ya pampu tu. Pampu ya lita 16 ikijaa, maji peke yake ni kilo 16. Ongeza uzito wa pampu yenyewe, unakaribia kilo 20. Chukulia ekari moja inakula pampu 5 na una ekari 3. Hapo umenyanyua kilo 20 mara 15 kwa siku, yaani kilo 300 kutoka chini mpaka mgongoni. Na hapo sijahesabu mara ulizopiga mpini kwa mkono mmoja ule ule.

Mizigo nayo ni hivyo hivyo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Gunia letu la mahindi la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo, na tunalitupia begani tukicheka.

Bega limekaaje

Mama akiweka ndoo ya maji kichwani anaweka ngata kwanza. Ndoo ni kubwa, ngata ni ndogo, na ndoo haianguki kwa sababu shingo na mkono vinaisawazisha kila hatua. Bega limekaa namna hiyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha duara na kikubwa, kikombe kinapokaa ni kidogo na kifupi. Kinachokishika pale ni misuli minne midogo inayozunguka bega na kano zake. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana huharibika kirahisi. Ile misuli minne ikichoka, mfupa hautulii katikati, na kano zinaumia kila ukinyanyua mkono.

Tofautisha maumivu yako

Si kila bega linalouma lina ugonjwa mmoja. Huku kwetu hujitokeza zaidi hivi:

1. Kano zilizochoka. Maumivu yako pembeni ya mkono wa juu, yanazidi ukinyanyua mkono kupita usawa wa bega na ukilalia upande huo. Mtu mwingine akikunyanyulia mkono taratibu unapanda. Hili ndilo la pampu, jembe na nyundo.

2. Bega lililoganda. Linaanza kwa maumivu, halafu mkono unakataa. Hata mtu mwingine akikunyanyulia, hauendi. Mama hawezi kufunga mtoto mgongoni wala kusuka nywele. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kuisha. Ukiona dalili hizi, pima na sukari.

3. Bega lililotenguka. Umeanguka, umevutwa na ng'ombe wa plau, au kamba imekukaba duarani. Bega limebadilika umbo na mkono haugeuki. Hii ni dharura.

4. Kano iliyokatika. Baada ya kuanguka au kunyanyua mzigo mzito unasikia kitu kimeachia, na kuanzia hapo mkono hauna nguvu ya kupanda. Nenda hospitali mapema, usisubiri mavuno yaishe.

Siku za mwanzo

Punguza kazi inayoleta maumivu, lakini usifunge mkono kifuani wiki nzima kama hujavunjika wala kutenguka. Bega lisilotembezwa huganda. Endelea kula kwa mkono huo, kuvaa nguo, kufagia kidogo. Kitambaa chenye maji baridi dakika 10 hadi 15 kinasaidia kupunguza maumivu.

Usiruhusu mtu alikande kwa nguvu au kulivuta eti lirudi. Bega lililotenguka likivutwa na asiyejua, mfupa unaweza kuvunjika, na mishipa ya damu au ya fahamu ikaumia. Funga mkono kwa kanga shingoni, nenda hospitali. Na vijana wa chini ya miaka 25 mnisikilize: likishatenguka mara moja, kwa umri wenu hutenguka tena kirahisi, kwa hiyo likirudishwa msikimbilie duarani kabla ya kumaliza mazoezi.

Kuhusu dawa. Wengi mnanunua diklofenaki dukani na kumeza kila asubuhi ili muweze kulima. Siku chache kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, sawa. Lakini ukimeza msimu mzima inachubua tumbo na kuumiza figo, na zaidi unapoanza kazi juani hujanywa maji. Tena dawa inanyamazisha maumivu, haiongezi nguvu ya msuli. Unarudi shambani na bega lile lile.

Mazoezi matano ya nyumbani

Haya ni kwa bega la kano zilizochoka, na yale manne ya kwanza humfaa hata mwenye bega linaloanza kuganda. Kama umeanguka au bega limebadilika umbo, usianze kabla ya kupimwa.

1. Kuning'iniza mkono. Inama, shika meza au kiti kwa mkono mzima. Acha ule unaouma uning'inie kama kamba ya kisima. Tikisa mwili wako, mkono ufuate wenyewe: mbele na nyuma, kushoto na kulia, kisha miduara ya ukubwa wa sahani. Dakika 2, asubuhi na jioni. Zoezi hili linajulikana duniani kwa jina la daktari Codman wa Boston, Marekani, ambaye kwenye kitabu chake cha 1934 ndiye alitumia jina la bega lililoganda.

2. Vidole kupanda ukuta. Simama ukitazama ukuta. Pandisha mkono kwa vidole kama buibui mpaka maumivu yaanze, tulia kwa kuhesabu mpaka 5, shuka taratibu. Mara 10. Weka alama ya mkaa pale ulipofika. Wiki ijayo utajionea mwenyewe umepanda kiasi gani.

3. Fimbo. Wafugaji hapa hamna kisingizio. Lala chali kwenye mkeka, shika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima uusaidie ule mgonjwa kupanda mpaka juu ya kichwa. Halafu bana viwiko mbavuni, sukuma fimbo kuelekea upande unaouma. Mara 10 kila moja.

4. Kubana mabapa. Kaa wima, vuta mabapa ya mabega nyuma kama unataka yagusane, hesabu mpaka 5, achia. Mara 10. Hili fanya hata ukiwa unapumzika chini ya mti shambani. Kuinama siku nzima kunavuta mabega mbele, zoezi hili linayarudisha.

5. Mpira wa tyubu. Ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli unatosha. Maumivu yakishapungua, ufunge kwenye nguzo kwa usawa wa kiwiko. Simama ubavu, upande mzima ukiwa karibu na nguzo. Mkono unaouma ushike mpira, kiwiko kimebana kanga iliyokunjwa ubavuni. Vuta kwenda nje, rudisha taratibu ukihesabu mpaka 3. Mara 10, pumzika, rudia mpaka raundi 3. Baadaye geuka, nguzo iwe upande unaouma, uvute kwenda ndani. Hili ndilo linajenga ile misuli minne. Fanya siku moja, ruka moja.

Utajuaje umezidisha? Pima maumivu kutoka 0 hadi 10. Yakiwa 3 au 4 wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yameshuka, endelea. Yakipita hapo au ukaamka vibaya zaidi, punguza idadi, usiache kabisa.

Sasa hapa ndipo wengi wanaangukia. Wanafanya siku tano, hawaoni tofauti, wanaacha. Kano inajengeka polepole. Nafuu ya kweli huonekana kati ya wiki 6 na 12. Hakuna anayepanda pamba Jumatatu akategemea kuchuma Ijumaa. Na usidhani mazoezi ni tiba ya maskini asiye na hela ya upasuaji. Utafiti uliofanyika Finland na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha wagonjwa wa kano za bega waliofanyiwa upasuaji wa kupanua nafasi ya kano na wale waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya miaka 2 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Nimemwona mzee aliyekuwa tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya bega, akaanza kwa mpira wa tyubu kwa maelekezo ya mtaalamu. Ng'ombe bado yupo zizini.

Badilisha na kazi yenyewe

Ukifanya mazoezi jioni na asubuhi unarudia kosa lile lile, ni kujaza maji kwenye pakacha. Fanya hivi:

- Usijaze pampu mpaka juu. Lita 10 kwa safari ni bora kuliko 16. Utatembea zaidi, lakini utamaliza shamba. Kumbuka kupunguza na kipimo cha dawa kulingana na maji.
- Usivae pampu kutoka chini. Iweke juu ya kichuguu au kisiki chenye usawa wa kiuno, ugeuke uivae.
- Mikanda yote miwili ivaliwe, iwe mipana. Kama pampu yako inaruhusu kuhamisha mpini, badilisha upande kila ukimaliza ekari.
- Mpini wa jembe uwe imara na urefu unaokufaa, na jembe linolewe. Jembe butu linalimwa na bega.
- Gawa mazao kwenye mifuko ya kilo 50, na hata huo beba wawili. Mkokoteni wa ng'ombe au punda upo kwa kazi hiyo.
- Wachimbaji: badilishaneni nyundo na kamba kila baada ya muda mfupi, badilisha na mkono. Kina mama wa kuponda mawe, inueni jiwe la kupondea ili mkono usipande juu ya bega kila pigo.

Usikae nyumbani ukiona haya

- Bega limebadilika umbo au mkono haunyanyuki kabisa baada ya kuanguka.
- Bega limevimba, ni jekundu na la moto, na una homa.
- Mkono unakufa ganzi au vidole vinakosa nguvu.
- Maumivu ya bega pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo, nenda muda huo huo.
- Maumivu ya usiku yasiyoisha huku unapungua uzito.

Yaliyobaki, anzia zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa kama wiki 6 zimepita bila nafuu. Kwenye hospitali za rufaa za mikoa, Shinyanga na Geita, ulizia fiziotherapia kwa jina hilo hilo. Ngazi ya juu zaidi kuna Bugando pale Mwanza. Ukifika, mweleze mtaalamu kazi unayofanya: pampu ya lita ngapi, jembe saa ngapi, nyundo au kamba. Asipojua kazi yako atakupa mazoezi ya mtu wa ofisini.

Wakati mzuri wa kuanza ni sasa, kabla pampu haijashuka kutoka darini. Wiki 8 za mpira wa tyubu kabla ya msimu zitakusaidia kuliko katoni ya dawa katikati ya palizi. Ukinikuta kijijini nikumbushe, nitakuonyesha zoezi namba 5, wengi wanalikosea kwa kuachia kiwiko.

Makala ijayo tunarudi kwenye pamba: namna ya kukagua vitumba kabla ya kuamua kupiga dawa. Ukikagua vizuri unapiga mara chache, na hata bega litashukuru.