Kabla Hujapiga Windows

Picha za harusi hazifunguki. Tasnifu haifunguki. Kila folda imeongezewa faili moja dogo la maandishi, _readme.txt, na majina ya mafaili yote yamepachikwa mkia wa herufi nne ambao jana haukuwepo. Mwenye kompyuta hiyo, awe kwenye fleti ya Upanga au hosteli ya wanafunzi jirani na Muhimbili, mara nyingi huizima, akaibeba hadi kwa fundi wake Kariakoo na kumwambia, "Kaka, nipigie Windows." Naomba sentensi hiyo isubiri kidogo. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, huondoa kirusi, ni kweli, lakini huweza pia kufuta kitu pekee ambacho kingekuja kuyarudisha mafaili.

Anza kwa kuisoma hiyo _readme.txt, ambayo ni barua ya wahalifu. Imeandikwa kwa Kiingereza. Inasema mafaili yamefungwa na bei ya kuyafungua ni dola 980, ila ukiwasiliana nao ndani ya saa 72 unapunguziwa hadi 490. Matoleo ya karibuni yamepandisha hadi 999. Ukikuta bei hizo, karibu hakika umepatwa na STOP, kwa jina jingine Djvu, ukoo wa virusi vya kudai fidia ambao kwa miaka mingi umewaandama watu wa nyumbani kuliko makampuni.

Njia yake kuu ya kuingilia ni krak: programu ya kuifanya Windows au Office ikubali kufanya kazi bila leseni, au mchezo uliovunjwa kufuli, vinavyopakuliwa bure na kuhamishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Maelekezo ya krak husema uzime antivirusi kwanza, na mtu anaizima mwenyewe. Kisha linatokea dirisha linalofanana na la Windows inayojisasisha, na wakati anasubiri limalize, mafaili yanafungwa moja baada ya jingine. Najua leseni halali ni ghali kwa mwanafunzi. Ndiyo maana LibreOffice, ambayo ni bure na halali, inastahili kuwa kwenye flashi ya kila fundi.

Ujambazi wa aina hii una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na historia yake inapita Afrika Mashariki. Desemba 1989, Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kutafiti nyani katika ukanda wetu, alisambaza kwa posta disketi zipatazo 20,000 zilizodaiwa kuwa na taarifa za UKIMWI. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Popp alishtukiwa katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, akitokea Nairobi kwenye semina ya UKIMWI. Kirusi chake kilishindwa upesi, kwa sababu ufunguo wa kufungia ndio huohuo wa kufungulia, na ulikuwa ndani ya disketi yenyewe.

Virusi vya leo vimeziba tundu hilo. Mwaka 1996 Adam Young na Moti Yung waliandika kuonya kwamba mhalifu anaweza kutumia funguo mbili. Chukua mfano wa kufuli lililo wazi: yeyote anaweza kulibana, lakini ufunguo wa kulifungulia uko mfukoni mwa mtu aliye mbali. Hisabati yake haivunjwi na fundi yeyote, wala na antivirusi. Kusafisha kompyuta na kurudisha mafaili ni kazi mbili tofauti, na anayekuahidi zote mbili kwa malipo ya kutanguliza hastahili fedha yako.

Hata hivyo STOP ina upenyo. Fungua diski C, tafuta folda iitwayo SystemID, na ndani yake PersonalID.txt. Utakuta mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Tazama mwisho wake. Ukiishia na t1, maana yake kirusi hakikuipata seva ya wenyewe kilipokuwa kinafunga mafaili, kikatumia ufunguo wa akiba kiliokuja nao. Ufunguo huo ni mmoja kwa wote waliopatwa na toleo hilo katika hali hiyo. Kompyuta iliyopokea krak kwa flashi wakati bando limekwisha inaweza kuwa imeponea hapo. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft, pamoja na mtaalamu Michael Gillespie, ilitoa programu ya bure ya kufungulia matoleo 148 ya STOP. Kwa matoleo yaliyofuata, inasaidia pale tu ufunguo wa akiba wa toleo husika unapopatikana, jambo ambalo huenda likachukua miezi. Sasa fikiria diski imeshafomatiwa.

Kwa hiyo, ukigundua tu, zima Wi-Fi au chomoa kebo. Usichomeke flashi wala eksitenali ili "kuokoa kilichobaki": STOP hujiwekea ratiba ya kuamka kila baada ya dakika chache na kufunga kila faili jipya inalolikuta, na flashi yako itafungwa vilevile. Piga picha ya barua kwa simu. Endesha ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, ambao huwasha kompyuta upya na kuichunguza kabla Windows haijaamka. Kirusi kikishaondolewa, ndipo unakili mafaili yaliyofungwa, barua na PersonalID.txt kwenye diski ya nje, uitunze. Baada ya hapo fundi apige Windows.

Video usizikatie tamaa. Ili kwenda kasi, STOP hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, na video ndefu mara nyingine hutengenezeka. Badilisha pia nywila zako zote ukitumia kifaa kingine, kwa sababu STOP mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kama kirusi chako ni cha ukoo mwingine, tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, hupokea mafaili mawili yaliyofungwa na kukueleza kama kuna dawa. Haitozi chochote. Toa taarifa polisi pia; Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Fidia usilipe: hakuna kinachomlazimisha mhalifu kutuma ufunguo baada ya kupokea bitcoin zako.

Na kama kompyuta yako bado ni nzima, nakili tasnifu na picha za familia kwenye diski ya nje usiku huu, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, itafungwa pamoja na vingine vyote.