Atafutaye mkufunzi wa trayathloni Gachoka aanzie wapi?

KUKIMBIA, watu wa Gachoka wanajua. Kuendesha baiskeli pia wanajua, maana kabla ya pikipiki za bodaboda kuenea, ni baiskeli iliyobeba mitungi ya maji, magunia ya ndengu na wakati mwingine hata mgonjwa. Lakini mwambie mzazi wa hapa kwamba mwanawe anataka kuogelea kilomita moja na nusu, atoke majini akiwa bado ametota, apande baiskeli kilomita 40, kisha aiegeshe na kukimbia kilomita 10, na yote hayo bila kupumzika. Huenda akakuuliza kama mtoto huyo ana akili timamu.

Mchezo huo upo, na jina lake ni trayathloni. Ulianza kama mchezo rasmi mjini San Diego, Marekani, mwaka wa 1974. Mwaka wa 1978, visiwani Hawaii, wanaume 15 walijitosa katika mashindano marefu zaidi ya hayo, yaliyozaliwa na ubishi kuhusu nani aliye imara kuliko mwenzake, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Waliofika mwisho ni 12. Katika Olimpiki, trayathloni iliingia mwaka wa 2000 kule Sydney. Mwafrika wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki katika mchezo huu ni Henri Schoeman wa Afrika Kusini, aliyeshinda shaba mjini Rio mwaka wa 2016. Na msomaji akidhani ni mchezo wa mataifa makubwa pekee, dhahabu ya wanawake katika Olimpiki ya Tokyo ilienda kwa Flora Duffy wa Bermuda, kisiwa ambacho wakazi wake wote hawajazi hata eneobunge moja la huku kwetu.

Basi tuseme kijana amerudi nyumbani kutoka shuleni na kutamka, "Mama, nimepata mchezo wangu." Mama mwenye busara hatauliza kwanza zawadi ni pesa ngapi. Atauliza, "Na nani atakufundisha, mwanangu?"

Jibu la swali hilo si rahisi hapa Mbeere Kusini, kama eneobunge la Gachoka linavyoitwa tangu uchaguzi wa 2013. Wakufunzi wa mbio Kenya inao tele. Wa kuogelea ni wachache na wengi wako Nairobi na Mombasa. Wa baiskeli ni wachache zaidi. Anayeijua michezo yote mitatu na anayeweza kuipanga katika juma moja bila kumvunja kijana, huyo ni wa kutafutwa kwa tochi.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo kosa la mwalimu haliwezi kusahihishwa. Katika mashindano ya trayathloni duniani, wengi wa wanaofariki hufia kwenye sehemu ya kuogelea. Si kwenye baiskeli, ingawa ndiyo yenye mwendo wa kasi, wala si kwenye mbio, ambako watu wamechoka zaidi.

Nasi wa Mbeere tuna maji mengi ya kututamanisha. Mto Tana umezuiwa mara tano upande wetu: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukisimama juu ya kilima mchana wa jua kali ukaliona bwawa la Kamburu linang'aa chini kama bati jipya, utaelewa kwa nini kijana anaweza kusema, "Kidimbwi cha hoteli cha nini, na maji haya yote ni ya bure?" Jibu lina meno. Mabwawa hayo yana mamba na viboko, na wavuvi wa hapa hawahitaji kuhadithiwa. Mtu yeyote anayejiita mkufunzi na akaanza mafunzo yake kwa kumpeleka mwanao bwawani, muage siku hiyo hiyo.

Kuogelea hufunzwa kwenye kidimbwi ambacho mwalimu anaona sakafu yake. Nauli ya kwenda Embu mjini na kiingilio cha kidimbwi ni gharama, nakubali, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo itakayoamua kama ndoto itaendelea au itakufa. Lakini kama kuna mahali pa kutumia shilingi chache zilizopo, ni hapo. Baiskeli unaweza kuazima. Viatu unaweza kuvumilia. Pumzi ndani ya maji haiazimwi.

Mwalimu mzuri wa kuogelea hutambulika kwa mambo madogo. Siku ya kwanza hataki kujua unaweza kwenda mbali kiasi gani. Anataka kujua kama unaweza kuelea kifudifudi, ukapuliza pumzi majini bila hofu, ukageuka chali na kupumzika. Mkimbiaji hodari humshangaza mwalimu asiyemzoea. Ana mapafu ya ajabu lakini miguu yake huzama, kwani mwili wake ni mkavu na vifundo vya miguu vimekakamaa, naye huhangaika kupiga teke kana kwamba anakimbia majini. Nguvu haimsaidii, na kadiri anavyojikaza ndivyo anavyozama. Mwalimu asiyejua hili atamwambia aongeze bidii. Anayejua atampunguzia kasi na kumrudisha kwenye kuelea, hata kama ni kwa wiki sita.

Tena kuna tofauti kati ya kidimbwi na maji ya wazi. Kwenye kidimbwi kuna mstari chini wa kufuata. Ziwani au baharini hakuna mstari, kuna mawimbi na miguu ya watu wengine usoni pako, na lazima ujifunze kuinua macho mara kwa mara ili usipotee njia. Hilo hufunzwa baadaye, mahali salama, na mlinzi aliye tayari kukuokoa akiwa karibu. Usiogelee peke yako hata siku moja, uwe umefuzu kiasi gani.

Je, lazima mkufunzi awe amewahi kuwa bingwa? Historia ya nchi yetu inasema hapana. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's, Iten, kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia. Riadha hakuwa ameisomea. Aliingizwa humo na mwalimu mwenzake Mwingereza, kisha akajifunza kwa kuwatazama vijana na kuwauliza maswali. Kutokana na macho na masikio hayo alitoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka wa 2012.

Patrick Sang alikuwa na medali, fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji ya Barcelona 1992, lakini sicho kilichomfanya kuwa mwalimu wa Eliud Kipchoge. Kipchoge alikuwa kijana wa jirani huko Nandi aliyemwendea na kuomba ratiba ya mazoezi. Akapewa ya majuma mawili, akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Angalia yaliyotendeka hapo. Kijana aliomba. Mwalimu hakumpa ratiba ya mwaka mzima, alimpa kidogo akangoja aone kama atarudi. Mwaka wa 2003 kijana huyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 18.

Na kwa baiskeli, mfano wetu uko Kikuyu. David Kinjah aliwakusanya vijana nyumbani kwake kijijini Mai-a-Ihii, akawafunza kuendesha na kujitengenezea baiskeli zao. Mama mmoja Mzungu alimleta mwanawe mwembamba aliyependa baiskeli kupita kiasi. Mtoto huyo, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kushinda mbio za Tour de France mara nne, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Kwa ukurasa huu wa jamii, kinachonivutia zaidi ni yule mama. Aliona mapenzi ya mwanawe akatoka kwenda kumtafutia mtu.

Wapo watakaosema siku hizi hakuna haja ya mwalimu, kwani simu ina kila kitu. Watamtaja Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama mabingwa kwenye video za intaneti, akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka wa 2015 kwa mrusho wa mita 92.72. Ni kweli. Ila wanaoisimulia hadithi hiyo huiacha nusu. Kabla ya dhahabu hiyo Yego alipata nafasi ya kwenda Finland, akafunzwa na mkufunzi aliyemwona kwa macho na kumrekebisha. Video inaweza kukuonyesha mkono wa bingwa ulivyokaa. Mkono wako wewe, haiuoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mkazi wa Gachoka si kungojea mtu mmoja anayejua yote. Atafute watu watatu: mwalimu wa kuogelea mwenye cheti cha uokoaji, mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari kwa mbio, na mwendesha baiskeli mzoefu wa kumfunza gia, breki na kukaa barabarani. Chama cha taifa cha trayathloni kiulizwe ni mkufunzi gani anaweza kuangalia mpango huo hata kwa simu. Lakini, na hapa ndipo wengi huharibikiwa, daftari liwe moja na lishikwe na mtu mmoja. Kila mwalimu huuona mchezo wake tu. Wa mbio atataka kilomita nyingi Jumanne, wa baiskeli atataka vilima Jumanne hiyo hiyo, na wa kuogelea hana habari kwamba kijana amefika kwake miguu ikitetemeka. Baada ya mwezi goti limevimba na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Mwenye daftari anapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ni ya mwendo wa polepole. Wanariadha wetu wakubwa asubuhi nyingi hukimbia kwa kasi ambayo wangeweza kuzungumza. Siku ngumu ni chache, na kati yake kuna mapumziko ya kweli. Tena aweke siku ya kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, hata kama ni dakika kumi. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza huhisi miguu si yake, kama amefungiwa magogo. Usipoyazoea nyumbani, yatakukuta siku ya mashindano.

Mahali petu nako kuna masharti yake. Gachoka si Iten. Huku chini ni joto, na jua la saa tano asubuhi si la kufanyiwa mchezo. Mazoezi yaanze alfajiri, na maji yabebwe. Chakula si taabu kama inavyodhaniwa, kwani ndengu, uji wa mtama, githeri na maembe ya msimu vinatosha kumjenga chipukizi bila kununua unga wa makopo. Barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, hata hivyo, inataka hadhari. Magari ya muguka hukimbizana na wakati kwa kuwa majani yakinyauka bei imekwenda. Mwendesha baiskeli avae rangi ya kuonekana, apite mapema kabla ya magari hayo, na asivae vitu vya masikioni.

Na muguka wenyewe? Ndio uliolipa karo ya watoto wengi wa hapa na siwezi kuutukana. Lakini mwanariadha ajue kwamba ndani ya majani hayo, kama ilivyo kwa miraa, mna kemikali zilizo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano. Sheria inamhukumu mwenye mwili. Kusema kwamba ulitafuna tu ili usilale safarini hakutakuokoa. Tangu sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli ipitishwe nchini mwaka wa 2016, kazi ya kupima na kuelimisha iko chini ya shirika la ADAK, na mkufunzi anayestahili jina hilo atakuwa ametaja hayo mapema. Akija na sindano ya "vitamini" au vidonge visivyo na jina, hakuna mazungumzo tena.

Mzazi wa binti ana jambo jingine la kutazama. Mwezi wa Oktoba 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa wanawake pekee, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Wenzake waliunda kundi la Tirop's Angels kupigana na dhuluma dhidi ya wanariadha wa kike. Simaanishi kila mkufunzi ni wa kuogopwa. Namaanisha kwamba uulize mazoezi yanafanyiwa wapi, nani mwingine yuko hapo, nani anashika pesa za zawadi na kitambulisho cha benki. Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Nenda ukae kando ya kidimbwi siku mbili tatu bila kumwarifu. Ukikatazwa kuingia, umeshajibiwa.

Mpe mwezi mmoja wa kumjaribu kabla ya kulipa zaidi. Mwishoni fungua lile daftari uone kama kuna siku alizobadilisha mpango kwa sababu kijana aliamka na homa, au kama ratiba imeandikwa moja kwa moja kana kwamba ni ya mashine. Muulize pia kijana amefunzwa nini kuhusu helmeti. Kanuni ya trayathloni ni kwamba hairuhusiwi kuigusa baiskeli kabla ya helmeti kuvaliwa na kufungwa kidevuni. Kijana akikujibu hilo bila kufikiri, huku mikono yake ikienda yenyewe kidevuni, lipa mwezi wa pili.