Pamba, Maji na Maneno ya Gavana

Vita vya Majimaji viliua watu wangapi? Kitabu kimoja kitasema 75,000, kingine 250,000 hadi 300,000. Mara nyingi mwalimu huchagua jibu moja, akaliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Somo lenyewe limepotea hapo.

Jibu la kwanza lilitoka kwa watawala wa Kijerumani. La pili ni makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezungumza na wazee wa kusini. Wengi waliokufa waliuawa na njaa, maana jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na vyakula ili kuvunja upinzani. Nani alimhesabu mama aliyefia porini akichimba mizizi? Mwanafunzi anayeuliza swali hilo ameanza kazi ya mwanahistoria, nayo huanzia kwenye vyanzo vya awali: barua, taarifa, picha, tenzi na masimulizi ya waliokuwapo.

Chukua kitabu cha Gustav Adolf von Götzen, gavana wa koloni wakati wa vita hivyo, kilichochapishwa mwaka 1909. Kwake, chanzo kikuu kilikuwa waganga na ushirikina: watu walidanganywa kwamba dawa ya maji itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Dawa ilikuwapo kweli, na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyeieneza alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Lakini darasa liulizwe: kama sababu ingekuwa kilimo cha lazima cha pamba, kodi na viboko vya maakida wa serikali, lawama zingemwangukia nani? Zingemwangukia gavana mwenyewe. Hiyo si sababu ya kukitupa kitabu chake. Kinasomwa kwa makini zaidi, kwa anayoyasema na kwa anayoyapitia haraka.

Kisha wekeni kando yake sauti za wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitawanyika katika wilaya za kusini kuwahoji watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Pamba inarudi tena na tena katika masimulizi hayo. Katika milima ya Umatumbi, vita vilitangazwa Julai 1905 kwa kung'oa mashina machache ya pamba ya serikali. Hakuna tangazo lililokuwa wazi kuliko hilo.

Hata hivyo mzee naye ahojiwe kama gavana anavyohojiwa. Miaka 63 ilikuwa imepita, nchi ilikuwa imejitawala, na tangu mwaka 1956 Nyerere alikuwa ameitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa kama sehemu ya madai ya uhuru. Kumbukumbu husimuliwa katika hewa ya wakati wake. Baadaye wanahistoria kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri walionyesha kwamba ugomvi wa mahali kwa mahali, na mambo kama misitu na uwindaji, nayo yalikuwa na uzito. Upo pia utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1957: mtu wa pwani, mwenye jicho tofauti na la mkulima wa milimani.

Sasa ambapo Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, kikwazo kimoja kikubwa kimeondoka. Mwanafunzi anaweza kuusoma utenzi huo bila mkalimani. Mwalimu wa Liwale hahitaji nauli ya kwenda Nyaraka za Taifa. Ukurasa mmoja wa Götzen uliotafsiriwa, beti chache na simulizi moja vinatosha kwa vipindi viwili.

Na kuna chanzo kilicho karibu zaidi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya mwaka 1974, sasa amepita sitini. Yuko nyumba ya jirani, pengine ana kadi ya TANU ya baba yake sandukuni, na anakumbuka lori lililobeba vyombo vyao. Darasa likamsikilize na daftari mkononi, liandike tarehe, mahali na jina la kijiji walichohama, kisha likamuulize jirani wa pili aliyehamishwa siku ileile kama anakumbuka vivyo hivyo.