Nani Hutunga Maswali ya CPA?

Baada ya Maghrib nafundisha vijana masomo ya uhasibu ya CPA katika chumba cha ghorofani Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, na hawachoki kuniuliza: "Mwalimu, ni nani huyu anayetutungia maswali magumu hivi?"

Ni Kasneb, bodi ya mitihani ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo leo inaongozwa na Sheria ya Wahasibu ya 2008. Wengi hudhani kuna mzee mmoja amejifungia Nairobi na kalamu yake. Wapi! Kwanza huja mtaala, nao hupitiwa upya kila baada ya miaka kama mitano, waajiri na vyuo wakitoa maoni. Mtaala wa 2021 uliingiza uchanganuzi wa data, somo ambalo mtihani wake hufanywa kwenye kompyuta.

Ndipo huja swali. Mtungaji huliandika pamoja na majibu na mgao wa alama, kisha mhakiki hulikokotoa upya. Chukua mfano wa swali kuhusu muuza viungo wa soko la Marikiti: ana magunia ya iliki, deni kwa muuzaji wa jumla, na kodi ya pango aliyoitanguliza. Swali lisiposema kodi ni ya miezi mingapi, watahiniwa wawili werevu watapata faida mbili tofauti, na kosa si lao. Utata huo lazima unaswe kabla karatasi haijapigwa chapa. Kwangu mimi, kazi ngumu ni hiyo.

Basi wanangu, kwa kuwa mtaala hubadilika, kabla hamjanunua karatasi za mitihani ya zamani, someni kwanza mtaala wa sasa.