Mkanda wa Carolina uliojiita wa Marekani

Tarehe 1 Januari 1975 Harley Race alitambulishwa kuwa bingwa wa Marekani wa mieleka ya uzito wa juu. Jina lilikuwa kubwa kuliko himaya. Mkanda ulikuwa mali ya Jim Crockett Promotions, kampuni ya familia yenye makao Charlotte, ambayo ngome yake ilikuwa North Carolina, South Carolina na Virginia. Detroit nako mwanamieleka The Sheik alikuwa na mkanda wake wa Marekani, na San Francisco walishakuwa na wao. Hakuna aliyeona ajabu.

Ndivyo mambo yalivyokwenda katika NWA, umoja wa mapromota ulioundwa Iowa mwaka 1948. Waligawana nchi, kila mmoja akabaki na eneo lake. Bingwa wa dunia alikuwa mmoja tu, akizungushwa huku na huko, hivyo mji mmoja ulimwona mara chache kwa mwaka. Wiki nyingine zote ukumbi ujazwe na nani? Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na mikanda ya maeneo.

Nani aushike mkanda, aliamua promota, kwa kuwa matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa. Lakini mtazamaji wa Greensboro alitoa fedha yake kwa sababu aliamini chuki aliyoiona ulingoni, na wanamieleka waliilinda imani hiyo hadi barabarani. Stelingi na adui hawakupanda gari moja wala kula meza moja mbele za watu.

Jumamosi ya 4 Oktoba 1975 mwiko huo ulivunjwa angani. Cessna 310 iliruka kutoka Charlotte kwenda Wilmington ikiwa na watu sita: rubani, David Crockett (mdogo wa promota wa kampuni hiyo), mwanamieleka Bob Bruggers, Tim Woods, kipenzi cha mashabiki, na maadui wawili wakubwa, Ric Flair, kijana wa miaka 26, na Johnny Valentine, ambaye Julai alikuwa amemnyang'anya Race mkanda. Mafuta yaliwaishia kabla hawajafika, ndege ikaanguka. Rubani hakupona majeraha yake. Valentine alivunjika mgongo, na hakupigana tena maishani. Bruggers naye akaishia hapo. Flair alivunjika mgongo sehemu tatu, madaktari wakamwambia asahau mieleka.

Woods aliumia kidogo kuliko wenzake, ila tatizo lake lilikuwa la aina nyingine. Stelingi alikuwa anafanya nini ndani ya ndege moja na Valentine? Hospitalini alijiandikisha kwa jina lake halisi, George Woodin, akasema yeye ni promota. Uvumi ukavuja hata hivyo. Basi zilipopita kama wiki mbili hivi akarudi ulingoni na maumivu yake, ili mashabiki wajiulize: mtu aliyeanguka na ndege angewezaje kupigana? Wakatulia. Kwangu mimi hilo ndilo pambano gumu kuliko yote katika historia ya taji hili, na mkanda wenyewe haukuwa hata ukigombewa.

Novemba yakafanyika mashindano Greensboro kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Terry Funk akashinda, na kabla mwezi haujaisha Paul Jones akampokonya. Flair, yule aliyeambiwa asahau, alirudi mapema mwaka 1976, na Julai 1977 akautwaa mkanda kutoka kwa Bobo Brazil. Mwaka 1982 ukaangukia mikononi mwa Greg Valentine, mwana wa Johnny.

Kufikia 1981 mikanda mingine ya jina hilo ilikuwa imekufa, na NWA ikautambua wa Carolina peke yake. Yaliyofuata ni habari za wenye fedha. Ted Turner aliinunua kampuni ya Crockett mwaka 1988, ikawa WCW. Mwaka 2001 WWF ikainunua WCW, na Novemba mwaka huo huo taji likaunganishwa na la Intercontinental la WWF. WWF, ambayo sasa iliitwa WWE, ililirudisha Julai 2003, Eddie Guerrero akalishinda, lakini hawakuanza kuhesabu upya. Orodha yao ya mabingwa bado inaanza na Race, akifuatiwa na Johnny Valentine, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshinda akamvua mkanda huo.