Akiba ya Jua na Gharama Zake

Ndugu msomaji, utajwapo umeme wa jua, wengi wetu hufikiria zile paneli zilizotandazwa juu ya mapaa. Lakini iko njia nyingine. Hiyo haigeuzi mwanga kuwa umeme moja kwa moja, bali hukusanya joto la jua kwa vioo na kulichemshia maji; mvuke upatikanao ndio uendeshao jenereta. Mitambo mikubwa ya aina hiyo imejengwa Marekani, Hispania, na hapa Afrika katika nchi ya Moroko. Mlipa bili ana haki ya kuuliza: je, yaaminika? Na bei yake je?

Kati ya mwaka 1984 na 1990 vilijengwa vituo tisa katika jangwa la Mojave, California. Vioo virefu vilivyopindwa kama mifereji vilielekeza mwanga kwenye bomba lenye mafuta, na mafuta hayo yakapasha maji. Baadhi ya vituo hivyo vilifanya kazi kwa takriban miaka 30, vikisaidiwa na gesi. Basi, vioo vilikwisha kujithibitisha. Taabu ilikuwa jua likizama, maana jioni ndiyo saa ya kuwasha taa, kupiga pasi na kupika.

CHUPA YA CHAI

Dawa iliyopatikana ni kuhifadhi joto, kama tuhifadhivyo chai katika chupa. Kinachotumika ni chumvi. Si ile ya chakula, bali ya naitreti, jamii ya zile za mbolea. Chumvi hiyo huyeyushwa, hupandishwa katika mnara uliozungukwa na maelfu ya vioo, hupata joto la nyuzi 565 za Sentigredi, kisha hushushwa katika tangi kubwa la chuma. Usiku huchotwa humo ili kuchemsha maji.

Kituo cha Gemasolar, kusini mwa Hispania, kilichoanza kazi mwaka 2011, kina akiba ya saa 15. Mwaka 2013 kilitoa umeme kwa siku 36 mfululizo, usiku na mchana. Ni kituo kidogo, cha megawati 20 hivi, lakini kilionyesha kwamba jua laweza kushika zamu ya usiku.

TANGI LINAPOVUJA

Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, lakini chombo chake hutoboka. Huko Nevada, Marekani, kituo cha Crescent Dunes cha megawati 110 kilianza kutoa umeme mwaka 2015, kikiwa na dhamana ya serikali ya mkopo wa dola milioni 737. Oktoba 2016 tangi la chumvi ya moto likavuja, na kituo kikasimama hadi Julai 2017. Mwaka 2019 mnunuzi wake mkuu alivunja mkataba. Huko Ouarzazate, Moroko, kituo cha Noor III cha megawati 150 nacho kilisimama kwa miezi mwaka 2024 kwa sababu ya uvujaji kama huo.

Chuma hutanuka kipatapo moto na hunywea kipoapo. Sakafu ya tangi lenye maelfu ya tani za chumvi huvutwa huku na huku, hata maungio yakapasuka. Na kwa kuwa kwa kawaida tangi la moto ni moja tu, likitoboka hakuna sufuria nyingine jikoni. Chumvi huondolewa, tangi hupozwa, mafundi huingia, kisha lote hupashwa tena polepole. Wakati huo vioo hung'aa bure.

Hapa ndipo uaminifu na bei vinapokutana. Kituo cha makaa kikisimama, walau makaa hayaungui. Kituo cha jua hakina gharama ya kuni. Karibu gharama yake yote ni mkopo wa ujenzi, na mkopo haungoji fundi amalize.

Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, uniti moja ya umeme huu kutoka vituo vipya iligharimu kama senti 39 za Kimarekani mwaka 2010, na chini ya senti 12 mwaka 2023. Ni maendeleo makubwa. Lakini katika muda huohuo umeme wa paneli ulishuka kutoka senti 46 hadi 4 na kitu, na betri nazo zimekuwa rahisi mno. Kituo cha kwanza cha Ouarzazate, kilichofunguliwa mwaka 2016, kiliuza uniti kwa senti 19 hivi. Shirika la umma likauza kwa bei ya chini, na pengo likabebwa na umma.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si haki kulinganisha umeme wa saa sita mchana na umeme wa saa tatu usiku. Paneli zishike mchana; joto lililohifadhiwa lishindane na betri na gesi usiku. Na anayeuza kituo cha namna hii asituambie tu kwamba jua ni la bure. Atuambie tangi ni mangapi, na likivuja atalipa nani.