Tairi Linalojisemea

Paukwa! Pakawa! Leo hadithi yetu haina sungura wala fisi. Ni ya tairi.

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Mvua inaponyesha, mifereji hiyo hukamua maji yasitelezeshe gurudumu. Lakini lami huula mpira kidogo kidogo, mpaka tairi linabaki kipara. Ulaya, sheria hairuhusu kina kishuke chini ya milimita 1.6. Sasa niambieni, ni dereva gani huinama kila asubuhi kupima? Mimi simjui.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kihisi kinachobandikwa ndani ya tairi. Kina vipande viwili vidogo vilivyochapwa kwa wino wa nyuzi za kaboni, nyembamba kupita unywele. Kimoja hupewa umeme unaopanda na kushuka, na nguvu yake hupenya mpira hadi kwa mwenzake. Unene wa mpira ukipungua, kinachomfikia mwenzake nacho hubadilika. Hivyo mpira unaoliwa nje hupimwa kutoka ndani, mahali ambapo barabara haifiki.

Umeme wa kazi hiyo utoke wapi? Betri ikiisha, fundi hana budi kulivua tairi kwenye rimu.

Hebu sugua rula ya plastiki kwenye nywele kavu, kisha isogeze karibu na vipande vya karatasi. Vimeruka? Huo ni umeme tuli. Mwaka 2019, kampuni ya Sumitomo Rubber na Chuo Kikuu cha Kansai, huko Japani, walitangaza kifaa kinachouvuna humo humo ndani ya tairi. Sehemu ya tairi inayokanyaga lami hubonyea, ikiinuka hurudi, na tabaka mbili za vitu tofauti ndani ya kifaa hicho hukutana na kuachana, kama rula na nywele, umeme tuli ukazaliwa. Tairi lenye mzingo wa mita 2, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 8 kila sekunde. Hesabuni wenyewe kwa safari ya saa moja!

Umeme wenyewe ni kiduchu, hata taa ya gari hauiwashi. Kihisi nacho hakili sana: kinapima, kinatuma ujumbe mfupi kwa redio, kinanyamaza. Gari likiegeshwa, umeme unakatika, wala si hasara, maana tairi lililosimama haliliwi na lami.